Mikumi wakati wa masika

Utotoni mwetu hifadhi ya Mikumi tuliijua kwa dirisha la basi. Barabara kuu ya kwenda Zambia inaipasua kwa takriban kilomita 50, hivyo kila tulipokwenda Iringa kwa bibi, tukishapita Doma tu, watoto wote tunagombania dirishani: twiga wale, pundamilia wale! Kulipa getini tuliona ni mambo ya wageni.

Mama ndiye aliyeanza. Pasaka moja, masika yamekolea, akataka tuingie ndani.

"Mama Neema, mvua hii unataka tukalale kwenye tope?"

"Baba Neema, mvua haijala mtu."

Baba akaazima Land Rover ya rafiki yake, tukaenda. Uwanda wa Mkata ni udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka nyufa kiangazi na kunata kama ugali mbichi masika. Askari wa hifadhi alituonya tusiache njia kuu. Nyasi zilipita boneti, na kwa kuwa maji yalikuwa kila mahali, wanyama walikuwa wametawanyika. Saa nzima tulitazama nyasi, tukinywa chai na chapati za mama huku vioo vimejaa ukungu.

Wanyama tuliwakuta tulipotoka. Walikuwa kando ya lami, kwenye tuta lililoinuka, penye nyasi fupi na pasipotuama maji. Na hapo hapo alilala swala pala mchanga aliyegongwa, sikio lake likitikisika kila tone la mvua lilipolipiga. Mama yake alisimama hatua chache kutoka kwake, hataki kuondoka, na malori yanapita. Baba aliegesha gari, akawasha taa za tahadhari, akakaa kimya kwenye usukani hadi askari walipofika.

Tangu siku ile nyumbani kwetu barabara ile haikuwa tena ya kuhesabia twiga. Tukaanza kupanga safari ili tuvuke mchana. Baadaye matuta yaliwekwa, na vibao vya faini kwa kila mnyama atakayegongwa. Treni ya mwendokasi nayo ilipoanza mwaka 2024, sisi wa Dar es Salaam tukawa tunapanda hadi Morogoro, tunakodi gari, tunaingia getini na watoto wetu, mvua isiwe mvua.

Malori ndiyo yaliyoongezeka. Mizigo ya Zambia na Kongo lazima ipite, hilo sibishani nalo. Lakini kilomita 50 kwa mwendo wa 80 ni kama dakika 38, na kwa mwendo wa 50 ni saa moja. Kwa hizo dakika 22, tena usiku wa mvua dereva asipoona mbele, sioni sababu ya kuua.

Baba hasafiri tena. Tukiwa tunarudi kutoka Iringa hupiga simu kuuliza tutavuka saa ngapi; akisikia ni baada ya magharibi, anatuamuru tulale Mikumi mjini, tuvuke asubuhi.