Kitabu, Katibu na Mkataba



Wapendwa wanafunzi na wazazi, kila siku darasani nasema, "Fungueni vitabu." Leo tulitazame neno lenyewe.

Zamani Waswahili walikiita kitabu chuo. Ndiyo maana Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, unajulikana pia kama Chuo cha Herekali, na mtaalamu wa dini tunamwita mwanachuoni.

Kitabu ni neno la Kiarabu, kitab, kutokana na kataba, yaani aliandika. Vikiwa vingi Waarabu husema kutub. Sisi tuliichukua ile ki ya mwanzo kama ki ya kiti, tukasema vitabu. Herufi zake tatu, kaf, ta na ba, zimetupa pia maktaba, katiba, katibu na mkataba. Wanafunzi wangu hupenda kuongeza khatibu. Hapana, huyo ni wa khutba, naye huanza na kha.

Basi asili ya kitabu ni kuandika. Katika Suratul Baqara aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Mwenyezi Mungu anawaamrisha waumini waandikishane deni la muda maalumu, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Mwandishi huyo katika aya ni katib, ndiye katibu wetu.

Jamaa yangu mmoja alitoka hapa Kambarage kwenda machimbo ya Geita. Alifanya kazi kwenye duara miezi saba kwa ahadi ya mdomo. Dhahabu ilipotoka, akaambiwa hana mgao. Hakuwa na karatasi wala shahidi. Na aya ile alikuwa ameihifadhi tangu utotoni.

Dhuluma ile ni ya aliyeitenda, naye ataulizwa. Lakini wengi wetu huona haya kuandikiana na ndugu au rafiki, tukidhani ni kutoaminiana. Aya inawaambia hivyo walioamini wenyewe! Wahenga nao walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwanafunzi, wewe unayejua kusoma, msomee bibi yako karatasi kabla hajaweka dole gumba. Kaka yako akienda machimboni, mwandikie makubaliano yake, watie saini mbele ya mashahidi. Hapo utakuwa umekisoma Kitabu na kukifanyia kazi.

Wabillahi tawfiq.