Maji na Chuma

Nguvu haipatikani bure. Huko Mawengi, katika milima ya Ludewa mkoani Njombe, maji ya mto hushuka kwa kishindo, huzungusha mtambo wa kilowati 300 unaosimamiwa na LUMAMA, jumuiya ya watumiaji wenyewe, kisha hurudi mtoni bila kupungua. Mwenye mashine ya kusaga aliyezoea kununua dizeli huutazama mkondo ule akadhani amepata ghala lisilokwisha. Dhana hiyo ina kweli, lakini si kweli yote.

Maji hayakufika katika taa peke yake. Mtambo ni chuma, nyaya ni madini, na ndani ya jenereta mna shaba iliyosokotwa. Mto haukuomba kuni wala makaa. Uliomba madini, tena mapema, kabla taa ya kwanza haijawaka.

Nchi zenye viwanda zimo katika dhana ile ile kwa kipimo kikubwa. Mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza kuwa gari la umeme huhitaji madini takriban mara sita ya gari la kawaida, na kituo cha upepo cha nchi kavu mara tisa ya kituo cha gesi chenye uwezo sawa. Chuma na alumini havimo katika hesabu hiyo.

Mwenye haraka atasema dawa imekuwa sawa na ugonjwa. Asiseme. Makaa yaliyochomwa leo ni majivu kesho, na kesho kutwa hapana budi kuchimba mengine. Shaba ya waya kuukuu huyeyushwa ikawa waya mpya. Achomaye makaa ni mlaji. Atumiaye shaba ni mwazimaji. Lakini mwazimaji asiyerudisha hana tofauti na mlaji, na atupaye gari zima ili anunue jingine hatatakaswa na upepo wala jua.

Ludewa imo katikati ya mtihani huu. Mchuchuma ina makaa. Mawengi ina maji. Liganga ina chuma chenye titaniamu na vanadiamu, ambayo hutumika katika betri kubwa za kuhifadhi umeme. Yamkini dunia itabisha hodi Liganga kwa jina la usafi. Afunguaye mlango na aulize mgeni amekuja kuazima au kula.