Kabla ya Kutupa Chasisi ya 109

Wanaoniletea Land Rover 109 za zamani hapa Tanga huanza kwa kuniuliza habari za injini. Mimi huingia uvunguni na nyundo. Bodi ya gari hili ni aluminiamu, inaweza kung'aa huku chuma cha chini kimekwisha. Mihimili ya chasisi ni mabati mazito yaliyochomelewa yakawa boksi. Matope na maji ya chumvi huingia humo, na kutu hula kutoka ndani kuja nje, rangi ikiwa bado nzuri. Ukigonga, chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kufa.

Boriti ya nyuma na mikono inayoshikilia bodi huoza mapema, na hizo nazibadilisha. Uamuzi wangu uko kwenye mihimili miwili mirefu, hasa pale zinapofungwa springi. Hapo pakiwa pazima, sitoi chasisi.

Wengi wanataka springi za koili ili gari liende laini, nami nawaelewa: 109 ikiwa tupu kwenye barabara mbovu huvunja mgongo. Mzee mmoja alileta chasisi ya Range Rover ya kale, yenye koili, akaniambia, "Fundi, kata, unga." Katikati ya ekseli zake ni sentimita 254, za 109 ni 277. Gari la kubeba watu na mizigo, mhimili wake uwe na kiraka cha sentimita 23? "Mzee wangu, hilo sishiki."

Chasisi ya One-Ten, Land Rover ya koili iliyotoka mwaka 1983, inakaribiana na ya 109 kwa urefu, lakini ekseli zake ni pana zaidi, magurudumu yanachomoza nje ya bodi. Ndiyo sababu One-Ten ina zile kope juu ya matairi. Tena namba ya chasisi iliyo kwenye kadi haitalingana na chuma kilicho chini. Hilo limalizwe TRA kabla ya kushika msumeno.

Huyo mzee nilimfungia springi za parabola. Zina vyuma vichache, vinene katikati na vyembamba kwenye ncha, na zinakaa kwenye vishikio vilevile vya kiwandani. Nikaongeza busta ya breki, maana kwenye breki sibembelezi uasilia wa mtu yeyote. Vitundu vya kutolea maji chini ya mihimili nilivizibua vyote, nikamsihi asikubali fundi yeyote avizibe kwa kuchomelea.