Chai ya Yuzu

Ramadhani ya mwaka 1421 ilinikuta mwanafunzi mjini Tokyo, katika baridi ya Desemba 2000. Msomaji aliyezoea mchana wetu wa saa 12 huenda akastaajabu nikimwambia kwamba tarehe 21 ya mwezi ule jua lilichomoza saa 12 na dakika 47 asubuhi, likachwa saa 10 na nusu alasiri. Wajapani huiita siku hiyo toji, nayo ndiyo fupi kuliko zote.

Mwenye nyumba wangu alikuwa bibi mjane. Alasiri ile alipiga hodi, mkononi ana sinia yenye kikombe kimoja kinachofuka moshi. Nami kwa Kijapani changu kibovu nikasema, "Sinywi," nikafunga mlango. Laiti ningalisema, "Sinywi sasa"! Nikamsikia akishuka ngazi polepole, na nafsi yangu ikanisuta.

Baada ya Magharibi nikamwendea na tende chache, nikamweleza khabari ya saumu. Akanitazama kitambo, kisha akacheka, akaniita jikoni.

Hapo ndipo nilipoijua yuzu. Ni tunda la manjano, kadiri ya chenza, ganda lake lina vinundu, ndani mbegu tele na maji haba. Ukali wake ni wa ndimu, lakini harufu yake si ya ndimu wala ya danzi. Siku ya toji Wajapani huyaelesha matunda hayo mazima katika maji moto ya kuogea, wakisema kuwa huwakinga na mafua. Tena hula boga. Bibi alikwisha kwangua ganda, akatupa ule weupe wa ndani ulio mchungu, akalikata nyuzi nyembamba na kulikausha. Akalichanganya na majani ya chai ya kijani na tangawizi kidogo. Maji hayakuwa ya kutokota, kwani chai hiyo ikiungua huwa chungu. Akatia asali, akanipa. (Nimepata kuijaribu nyumbani kwa ganda la danzi, si mbaya, ila harufu si ile.)

Nilipoaga, aliuliza jua la kesho litakuchwa saa ngapi. Nikamwambia: baada ya leo kwa nusu dakika hivi. Akaandika katika kalenda iliyoning'inia ukutani.

"Basi nami," akasema, "nitachelewa kidogo."