Nilizima Mashine ya Kolwezi Nikiwa Mutshatsha

Kosa ni langu. Niliizima kompyuta kuu ya ofisi ya Kolwezi nikiwa nimeketi Mutshatsha, zaidi ya kilomita 100 upande wa magharibi, kwenye njia ya reli iendayo Dilolo. Ningeweza kuusingizia umeme, au mtandao, na kwetu Lualaba hakuna ambaye angenibishia. Lakini ni vidole vyangu.

Nilikuwa nimekwenda matanga ya baba mdogo. Ofisi yenyewe ni ya mwenye malori mmoja, nami ndiye fundi wake wa kompyuta. Hesabu na mishahara ya madereva hukaa kwenye mashine moja iliyofungiwa chumbani. Huwa naiingia kwa mbali, kwa intaneti ya simu, ikafunguka ndani ya dirisha kwenye kompyuta yangu kana kwamba nimekaa mbele yake.

Wenye kazi hii wanaijua adha yake. Unabonyeza Alt na Tab utoke kwenye hesabu uende kwenye mishahara, zote zikiwa Kolwezi, na Windows inakurudisha kwenye programu zako za hapa. Mipangilio ya kawaida huzivusha njia za mkato za kibodi kwenda upande wa pili pale tu dirisha linapojaza kioo kizima. Mimi sipendi lijae. Napenda kuona ujumbe unaoingia pembeni. Basi Ijumaa ile, kabla ya kuunganisha, nilifungua mipangilio ya muunganisho huo wa mbali, nikaenda sehemu ya kibodi, na katika machaguo yale matatu nikachukua linalopeleka kila kitu kwenye kompyuta ya mbali. Nikahifadhi. Alt na Tab vikatii. Nikajiona bingwa.

Saa tatu usiku jirani alikuwa karibu kuzima jenereta, na shangazi ananiita: "Njoo ule, bukari inapoa." Nikafanya nilivyozoea kila usiku bila hata kutazama: kitufe cha Windows pamoja na D ili kufunua meza, kisha Alt pamoja na F4, nikachagua kuzima, nikabonyeza Entrée. Orodha ile ya kuzima ilikuwa na mstari ambao kwenye kompyuta yangu haupo, wa kukata muunganisho. Niliuona. Nikaupita.

Kioo kikaandika kwamba mashine inazimwa. Nikasimama. Halafu dirisha likajifunga, likaja tangazo kwamba muunganisho umekatika, na nyuma yake ikatokea picha ya binti yangu akiwa na sare ya shule. Picha hiyo iko kwenye kompyuta yangu, si Kolwezi. Nilibaki nimesimama, mkono mmoja kwenye kifuniko, nikimtazama mtoto. Kama hii bado inawaka, iliyozimwa ni ipi?

Bukari ilipoa kweli.

Mashine iliyozimwa kabisa inataka kidole kwenye kitufe chake. Kuna namna ya kuiamsha kupitia mtandao, ila inabidi uwe umeiandaa mapema, nami nilikuwa naiahirisha tangu mwaka uliopita. Nikampigia mama wa kesi, mshika fedha wa ofisi.

"Mama, samahani. Mashine imezimika."

"Umeme ao ni weye?"

"Ni miye, Mama."

Alicheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba kesho yake ni siku ya mishahara. Ufunguo wa chumba alikuwa nao bosi, na bosi alikuwa Likasi. Jumamosi madereva walisubiri tangu asubuhi hadi saa sita mchana. Malori mawili yaliondoka siku ya pili yake. Alichoandika Mama Ijumaa jioni bila kuhifadhi kilipotea. Alikirudia kutoka kwenye karatasi. Mimi nilikatwa malipo ya mwezi, na sikubisha.

Sasa nimeirudisha mipangilio ile ya mwanzo: njia za mkato zivuke kioo kikijaa tu. Nikilazimika kuhama programu ndani ya dirisha, natumia Alt na kitufe cha kupanda ukurasa, kinachofanya kazi ya Alt na Tab upande wa mbali. Amri ya kuzima nimeiondoa kwenye akaunti ninayoingilia, na meza ya mashine ya Kolwezi nimeipaka nyekundu tupu, mbaya kama nini, nisiifananishe na yangu.

Wewe unayetaka kupeleka vitufe vyote upande wa pili, vipeleke. Vinarahisisha kazi kweli. Ila uliza kwanza nani ana ufunguo wa chumba. Wa kwetu wa pili uko kwa mlinzi wa getini, tangu Jumatatu iliyofuata.