Nirudi Kama Nani?

Huku Upareni mtu haugui kiungo kimoja. Mzee wa Mamba ana presha, magoti yanamsumbua, macho yameingia ukungu, na nyumbani ana mjukuu anayekohoa usiku kucha. Akiteremka Same, kisha akapewa barua ya kwenda KCMC, Moshi, mwendo wa kama kilomita 100, kila kiungo chake kitapangiwa bingwa wake na siku yake. Nauli zote hizo hutoka kwenye tangawizi.

Siwadharau mabingwa. Mmoja wao ndiye aliyenitoa mtoto wa jicho.

Mwanafunzi wangu wa zamani, akiwa mwaka wa nne wa udaktari, alikuja kunisalimia wakati wa likizo. Nikamwuliza kama atarudi milimani. Akacheka kwa adabu. “Mwalimu, nirudi kama nani? Chuoni kwetu daktari asiye na ubingwa huhesabiwa kuwa amekwama njiani.” Kijana hakuwa na choyo. Alikuwa ameshika vema alichofundishwa, maana kwa miaka mitano walimu anaowaheshimu wote ni mabingwa.

Wako waliojaribu kugeuza mambo. Chuo Kikuu cha Moi, kule Eldoret, Kenya, kilipoanza kufundisha udaktari mwaka 1990 kiliingiza katika mtaala wake mafunzo ya kukaa na wananchi vijijini. Muhimbili walianza kutumia mitaala mipya mwaka 2011, inayopima anachoweza kufanya mhitimu badala ya alichokariri. Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, kimefundisha hata ubingwa wa tiba ya familia. Yaani, msomaji usicheke, bingwa wa mambo yote.

Ila sisi walimu tunajua kwamba kisichotahiniwa hakisomwi. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilileta mashamba shuleni. Nimesimamia shamba la namna hiyo. Watoto wengi waliliona kama adhabu, kwani mtihani wa darasa la saba uliuliza hesabu na lugha, haukuuliza jembe.

Basi wiki za kituo cha afya zisiwe matembezi. Ziwe na alama zinazoweza kumfelisha mtu, na mmoja wa watahini awe tabibu aliyetibu huko huko kwa miaka mingi. Hayo vyuo vinayaweza. Lakini kijana yule aliuliza atarudi kama nani, na hilo mtaala peke yake haulijibu: cheo na mshahara vimpandie akiwa bado Mamba, na hapo Serikali nayo inahusika.