Hata Baba Hujifunza Ubaba



Wengi wenu mnatukumbuka kama mtu aliyezikemea tamthilia za Kikorea. Miaka michache iliyopita, katika ukumbi wa parokia, tulisema mbele yenu kwamba zinakula muda, kwamba zinawafanya wasichana waote wachumba wasiopatikana Bukavu, na kwamba watu wake wote wana sura moja. Mlicheka, nasi tulifurahi kusikia mnacheka. Ukweli ni kwamba hatukuwa tumetazama hata sehemu moja. Sisi tuliosomea ualimu, tunaowakataza wanafunzi kujibu swali kabla ya kulisoma, tulifanya kosa hilo hilo hadharani. Binti yetu alikuwa ameketi katika safu ya tatu. Yeye hakucheka.

Ni mtoto wetu wa pili. Mwaka ule alikuwa amepata diploma yake ya Serikali, kwa alama nzuri kuliko zile za kaka yake. Lakini kaka yake alikuwa tayari chuo kikuu, mdogo wao wa kiume alikuwa sekondari, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Tuliamua kwamba binti angoje mwaka mmoja. Hatukumwita tukamweleza, wala hatukumwuliza. Kwa kuwa alikuwa mtoto mtulivu, tulihesabu kimya chake kuwa ni kukubali. Basi akabaki nyumbani, akichota maji, akipika, akimsaidia mama yake kuuza unga sokoni. Jioni, umeme ukiwapo, alitazama tamthilia alizojaziwa kwenye simu katika kibanda kimoja karibu na soko la Kadutu. Tulimgombeza kwa hilo pia.

Kisha malaria ikatulaza wiki nzima, wakati wa mvua. Siku ya nne, homa ilipopungua, tulichoka kuhesabu mabati ya dari. Binti akaja na kompyuta ya kaka yake, akasema, “Papa, kuna moja ambayo inafaa wazee.” Tulikubali kwa sababu ya uchovu tu. Tamthilia hiyo inaitwa Reply 1988. Ina sehemu 20, na ilionyeshwa Korea Kusini kuanzia Novemba 2015 hadi Januari 2016. Tuliitazama kwa maandishi ya Kifaransa chini ya picha, na pale macho yetu yaliposhindwa kuyafuata, binti alitusomea kwa Kiswahili.

Hadithi inatokea Seoul, katika mtaa wa Ssangmun-dong, mwaka ule mji huo ulipopokea michezo ya Olimpiki. Ni kichochoro kimoja chenye familia tano, na vijana watano waliokua pamoja. Hakuna majumba ya kifahari. Familia ya msichana Deok-sun inapanga katika nyumba ambayo nusu yake iko chini ya ardhi. Baba yake ni mfanyakazi wa benki, lakini alimdhamini rafiki katika mkopo, rafiki akashindwa kulipa, na deni likamrudia yeye. Katika familia nyingine baba amefariki, na katika nyingine tena mama ndiye aliyefariki. Baba wa kijana Dong-ryong ni mwalimu mkali katika shule yao, na mwanawe ana kila kitu isipokuwa mtu wa kuzungumza naye nyumbani. Hapo tuligeuka kidogo kitandani.

Mwanzoni kabisa kuna jambo lililotufanya tukae wima. Ni saa ya chakula cha jioni. Mama mmoja amepika kingi, anamtuma mtoto apeleke bakuli kwa jirani. Jirani hawezi kurudisha bakuli tupu, anaweka humo alichopika yeye. Watoto wanapishana kichochoroni mikono ikiwa imejaa, hata mwishowe kila meza ina chakula cha nyumba zote. Tulimwambia binti, “Lakini hawa ni watu wa kwetu!” Naye akajibu kwamba ndiyo sababu alikuwa akiwapenda.

Kuanzia hapo tukawa wanafunzi wake. Alituonyesha mambo ambayo tafsiri ya Kifaransa huyaficha. Akina mama wale hawaitani kwa majina yao, huitana mama wa fulani, kama vile sokoni kwetu mama yake anavyoitwa kwa jina la kaka. Mfasiri wa Kifaransa anaandika “madame”, na heshima yote inapotea. Msichana hamwiti dada yake mkubwa kwa jina tupu. Ana neno lake maalumu, nasi tunalo letu, “yaya”. Mdogo anapompa mkubwa kitu, anakitoa kwa mikono miwili, au mkono mmoja ukiushika mwingine. Bibi yenu angewapiga kibao kama mngetoa kwa mkono mmoja wa kushoto. Binti alituambia kwamba watazamaji wa Ulaya, katika kundi lao la mazungumzo, huuliza maana ya mambo hayo, na wasichana wa Kongo ndio huwaeleza. Hatukuwa tumejua kwamba mtoto wetu, ambaye tulidhani anapoteza muda, alikuwa akifundisha.

Sasa tuwaeleze kuhusu keki. Deok-sun naye ni mtoto wa pili. Siku yake ya kuzaliwa iko karibu mno na ile ya dada yake Bo-ra, na kila mwaka wazazi huziunganisha: keki moja, nyimbo mara mbili. Mayai ya kukaanga yakiwa mawili, Bo-ra anapata moja na mdogo wao wa kiume anapata jingine, kwa kuwa yeye Deok-sun hanung’uniki. Paja la kuku nalo huenda kwa wengine. Mwaka huo anaomba mapema kwamba safari hii asiunganishwe. Wanaahidi, kisha wanaunganisha tena. Ndipo analia mbele ya wote, na kusema yote aliyoyameza tangu utotoni: yai, kuku, hata jina lake ambalo si zuri kama ya wenzake.

Binti yetu hakutusomea maandishi ya sehemu hiyo. Aliangalia kioo cha kompyuta, nasi tukasoma wenyewe, taratibu.

Baadaye, usiku, baba wa Deok-sun anakuja na keki ndogo ya mtoto huyu peke yake. Anamwomba msamaha. Anamweleza kwamba hakuzaliwa akiwa baba, kwamba naye ni mara yake ya kwanza, na kwa hiyo amvumilie. Hakuna muziki mkubwa, ni mwanamume tu aliyechoka na kazi, mwenye keki mkononi. Umeme ulikatika muda mfupi baadaye. Binti akafunga kompyuta, akasema usiku mwema, akaenda.

Tungependa kuwaambia kwamba tulimwita usiku ule ule. Sivyo. Zilipita siku tisa. Tulirudi darasani, tukafundisha, tukarudi nyumbani, na kila jioni tulitafuta sababu ya kungoja kesho. Mara ngapi tumewafundisha ninyi kuomba msamaha kabla jua halijachwa! Lakini katika malezi yetu hatukuwahi kumwona baba akimwomba mtoto wake msamaha, na mdomo usiozoea neno huliona zito. Siku ya tisa tulimkuta akipepeta mchele uani. Tuliketi juu ya kigoda, tukamwambia: “Mama, jambo la masomo yako hatukulifanya vizuri.” Twamwita “mama” kwa kuwa amerithi jina la mama yetu. Alinyamaza kwa muda mrefu, akaendelea kupepeta. Kisha akasema: “Papa, najua pesa hazikuwapo. Mngeniuliza tu.”

Hakulia, nasi hatukulia. Mama yake aliposikia alituambia jambo la haki: kwamba mama wa Deok-sun naye asilaumiwe haraka, kwa sababu mwenye mayai mawili na watoto watatu atamkosea mmoja tu, lakini asimkosee yule yule kila siku. Mwaka uliofuata kaka alitafuta kazi ya jioni, tukauza kitu kidogo tulichokuwa nacho, na binti akaandikishwa. Leo anasoma. Mwaka mmoja aliopoteza hatuwezi kumrudishia.

Baada ya hapo aliturudia na swali ambalo hakuwahi kutuuliza: “Papa, mwaka 1988 wewe ulikuwa wapi?” Tulikuwa kijana wa bweni, tukisomea ualimu, nchi ikiitwa Zaire, tukipokea maharage kwa kijiko kilichohesabiwa. Tulimsimulia hadi usiku. Hatukujua wakati ule kwamba Wakorea nao walikuwa wakihesabu mayai. Vita vyao vilisimama mwaka 1953, vikaacha nchi imegawanyika na maskini sana, na miaka 35 baadaye bado kulikuwa na familia kama ile ya Deok-sun. Vijana wengi mnadhani Korea ilizaliwa tajiri. Ni afadhali mjue.

Lakini tusisifu bila kupima. Kundi la binti yetu lina wasichana wa Kinshasa, Abidjan na Antananarivo, na kwa majuma mengi walikuwa wakigombana juu ya jambo moja tu: nani atamwoa Deok-sun, Jung-hwan au Taek? Jung-hwan anampenda kimyakimya miaka mingi, wala hasemi. Anapokuja kusema, analisema mbele ya rafiki zake kama mzaha. Taek, bingwa wa mchezo wa baduk, anaacha shindano ili amfuate. Wasichana wa kundi walimlilia Jung-hwan kwa kuwa taa nyekundu za barabarani zilimchelewesha. Binti yetu aliwaandikia kwamba hata Jung-hwan mwenyewe anatambua kuwa si taa zilizomchelewesha, ni kusitasita kwake. Tuliposoma hayo tuliziona siku zetu tisa.

Na yule wa Antananarivo aliwaambia jambo lililowanyamazisha. Katika hadithi, Deok-sun anafanya mazoezi kwa miezi ili abebe bango la Madagascar siku ya kufungua Olimpiki. Madagascar haikwenda Seoul, na hilo ni kweli katika historia, basi msichana analia, na mwishowe anabeba bango la Uganda. Yule dada aliandika kwamba mara yake ya kwanza kusikia nchi yake ikitajwa katika hadithi ya Wakorea ilikuwa kuambiwa kwamba haikuja. Alisema kweli. Sisi tunajua vichochoro vyao, vyakula vyao na majonzi yao. Katika hadithi yao sisi ni jina lililoandikwa juu ya bango. Zaire ilikwenda Seoul mwaka ule, lakini hakuna anayetusimulia. Hilo si kosa lao peke yao. Ninyi mnaotazama sana, je, mmemwuliza babu yenu kuhusu mwaka wake wa 1988? Nani kati yenu ameuandika?

Tena, kumbukeni kwamba tamthilia ile ilitungwa mwaka 2015 na watu waliotazama nyuma kwa hamu. Kichochoro kinachokumbukwa ni kitamu kuliko kile kilichoishiwa. Msiipime nyumba ya wazazi wenu kwa nyumba ya kwenye kioo, wala mchumba wenu kwa mwigizaji aliyepakwa poda na kuandikiwa maneno ya kusema. Msikeshe mkitazama hadi asubuhi kisha mlale darasani. Hayo tuliyasema zamani, na bado tunayasema. Tofauti ni kwamba sasa tunayasema baada ya kutazama.

Tunawaomba jambo moja. Msitazame peke yenu, gizani, na visikizi masikioni. Mwiteni mama aketi, hata kama atasinzia. Mwiteni baba, hata kama atacheka sura za watu. Mtafsirieni. Sehemu ikiisha, msiharakie ifuatayo. Ulizaneni: nani hapa amekosewa, nani amenyamaza, nani angepaswa kusema na hakusema? Hadithi ya watu wa mbali ina faida hii, kwamba haimtaji mtu yeyote wa nyumbani, na kwa hiyo kila mmoja aweza kujitaja mwenyewe.

Na ninyi wazazi mtakaosoma ukurasa huu mikononi mwa watoto wenu: yule mtoto asiyenung’unika, mwulizeni leo. Msingoje siku tisa.

Sisi na binti yetu tumebakiza sehemu tatu. Anajua mwisho, hasemi. Juzi tulibishana juu ya Bo-ra, dada mkubwa mkali anayeshiriki maandamano ya wanafunzi na kumtia baba yake hofu. Sisi tulikuwa upande wa baba, yeye upande wa Bo-ra. Hatujakubaliana, na Jumamosi, umeme ukiwapo, tutaendelea.